Laptopu ya Mwalimu Kalondu na Mbuzi wa Kasikeu

Salama Haroun hajui kupakua nusu. Ukimsimamisha kwenye sufuria ya pilau harusini, watu kumi wa kwanza watakula mpaka walegeze mishipi, na wa kumi na moja atakuta ukoko. Akikutilia sukari kwenye chai ni vijiko vinne, na usimletee habari za daktari. Ukimpelekea kompyuta aitengeneze, utarudishiwa ikiwa na kila programu iliyowahi kuandikwa na binadamu, ikiwemo ya kutazama nyota, ingawa wewe ulichoomba ni mahali pa kuandikia barua ya kumpelekea chifu.

Soko la Zombe linamjua hivyo na linampenda hivyo. Duka lake ni chumba kimoja kati ya muuza mbegu na kinyozi. Zamani chumba hicho kilikuwa hoteli ya babake. Babu yake alitoka Lamu na mizigo ya nguo, akafika Kitui, akaoa, akasahau kurudi. Mwanawe Haroun akafungua hoteli hapo Zombe, akawalisha madereva, walimu na wachuuzi wa ndengu kwa miaka ishirini na sita. Alipofariki, miaka mitano iliyopita, Salama alitoa meza za kulia akaweka za kompyuta. Kitu kimoja tu hakukigusa, nacho ni upawa wa babake, ambao hadi leo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Mteja akiuliza habari za upawa huo, anakaribishwa kiti, maana maelezo si mafupi. Salama atamwambia kwamba Haroun hakuwahi kumpa mtu sahani nusu maishani mwake. Anakumbuka vizuri. Alikuwa mtoto wa miaka saba, amekaa nyuma ya kaunta na miguu haifiki chini, na sahani iliyo mbele yake ni mlima wa wali, maharagwe yakiteremka pande zote. Mtu akitoka pale alitoka ameshiba. Basi na yeye, Salama, kazi yake ni hiyo hiyo, chakula ndicho kimebadilika.

Kompyuta mpya haziji Zombe. Zinazokuja ni wazee waliochoka: laptopu za makarani waliostaafu, za vijana waliozirithi kwa kaka zao walioko Nairobi, moja hata ilikuja na mchwa. Kwa hizo Salama huondoa mfumo wa zamani akaweka Linux, ambayo ni ya bure na haina makuu. Hiyo anayoitumia yeye hutolewa kwa matoleo mawili. Kuna toleo kamili, linalokuja na kila kitu ndani: ofisi nzima ya kuandikia na kupigia hesabu, vifaa vya muziki na video, programu za kuchora, michezo kumi na minne, na madirisha yanayotikisika kama maziwa ya mgando ukiyavuta. Halafu kuna toleo la msingi, ambalo lina skrini ya kufanyia kazi, programu ya kuingilia intaneti, na kwaheri. Mengine utajiongezea mwenyewe ukiyahitaji.

Kila alipofika kwenye ukurasa wa kuchagua, Salama hakuwahi kusoma habari za lile la pili hadi mwisho. Aliona ni kama kumkaribisha mtu mezani kisha ukamwambia chumvi akatafute sokoni. Toleo kamili alikuwa nalo kwenye flashi nyekundu, na flashi hiyo ilikaa kwenye mkoba wake pamoja na funguo za nyumba.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, Mwalimu Kalondu aliingia dukani amebeba laptopu iliyofungwa kwa leso, kama mtu aliyebeba mtoto anayepelekwa kliniki. Kalondu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na Salama mwenyewe alipita mikononi mwake darasa la nne. Laptopu ile alizawadiwa na walimu wenzake siku ya kustaafu. Kuiwasha tu, alisema, unaweza kuchambua ndengu kilo mbili kabla haijakusalimia.

Aliketi, akaeleza shida yake bila haraka, kama ilivyo desturi ya walimu. Binti yake wa pekee, Mwongeli, ni muuguzi Doha. Anaolewa na Kaloki, fundi wa pampu za maji, mtu wa Kasikeu kule Makueni. Jumamosi watu wa Kasikeu wangekuja na mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, mbuzi hao wakishapokelewa, msichana ameolewa. Wasipopokelewa, hata uvae pete vidole vyote ni mapambo tu. Na kabla ya kupokelewa, msichana huulizwa mbele ya pande zote mbili kama anawajua wageni hawa.

Shida ni kwamba Mwongeli hangepata likizo hadi Desemba, na nyanya yake Kaloki, mwenye miaka tisini, alikuwa ametangaza kwamba yeye hangojei Desemba ya mtu. Wazee wakavutana kwa simu wiki mbili. Mwisho watu wa Kasikeu wakakubali msichana aulizwe akiwa huko huko, kwa sharti moja. Wote wamwone usoni, mkubwa ukutani, na mdomo wake waone ukilitamka neno saa hiyo hiyo anapoulizwa. Simu ya kupokezanwa mkono kwa mkono hawakuitaka, na sauti tupu hawakuitaka kabisa, kwa sababu sauti yeyote anaweza kuiiga. Wasipomwona sawasawa, wangerudi Kasikeu na mbuzi wao, bila ugomvi, na mambo yangeanza upya.

Kasisi Nzau wa kanisani kwao alikuwa ameahidi kumwazima projekta. Kilichobaki ni laptopu.

"Weka yote, Salama," Kalondu akasema. "Ni siku ya mtoto wangu. Sitaki kitu nusu."

Maneno hayo alikuwa amemwambia mtu wake hasa. Salama alikaribia kumkumbatia.

Jumatano akaweka toleo kamili. Kazi ilichukua asubuhi nzima, na ilipokwisha laptopu iling'aa kama sufuria ya harusi. Kalondu alipokuja kuiona, Salama alimtembeza programu moja baada ya nyingine kama mtu anayeonyesha nyumba mpya, hapa sebule, hapa jikoni. Mwalimu aligundua mchezo wa karata, wa kucheza peke yako, akacheza raundi tatu papo hapo na mwanafunzi aliyetaka kuchapa barua akangoja nje. Aliondoka akiwa na furaha, na Salama akautazama upawa nyuma ya mlango akiwa na furaha zaidi.

Alhamisi wakafanya majaribio. Mwongeli alipigiwa wakati wa mapumziko yake. Uso wake ukatokea, mwembamba, wenye kicheko cha mamake, akasema "Mwaitu, unaniona?" na kabla mama hajajibu, laptopu ikaanza kuunguruma kama posho mili. Mwongeli akaganda. Akaganda vibaya, mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Sauti iliendelea kidogo peke yake, halafu nayo ikakata. Walirudia mara tatu. Mara zote tatu msichana aliganda, na kila mara kwa sura mbaya kuliko ya kwanza.

Kalondu alikunja leso yake taratibu, mikunjo minne.

"Wakimwona hivi," akasema, "watasema tumewaonyesha picha."

Aliiacha laptopu mezani akaenda zake, na Salama, ambaye angeweza kuvumilia kugombezwa, akaona afadhali angegombezwa.

Kwanza alilaumu mtandao, maana mtandao ndio hulaumiwa Zombe hata maziwa yakimwagika. Akahamisha simu iliyotoa intaneti hadi dirishani, kisha akampigia Mwongeli kwa kompyuta nyingine ya dukani. Picha ikatiririka bila kukwama. Mtandao haukuwa na kosa. Ndipo akafungua orodha ya vitu vilivyokuwa vikifanya kazi ndani ya laptopu ya Mwalimu, akasoma, jasho jembamba likamtoka. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti mbili tu, na kabla hata hujampigia mtu, toleo kamili lilikuwa limeshakula karibu yote. Programu moja ilikuwa inatafuta masasisho. Nyingine ilikuwa inaorodhesha kila faili, nyingine inangoja printa ambayo Kalondu hana, nyingine inatunza kalenda ya mtu asiye na miadi. Wote walikuwa wameketi mezani wanakula, na Mwongeli, mgeni mwenyewe, amekosa kiti.

Ijumaa asubuhi alifungua ule ukurasa wa kuchagua, na kwa mara ya kwanza akasoma habari za toleo la msingi mpaka mwisho. Ilikuwa wazi kwamba lingefaa. Fundi yeyote angelishusha, angeliweka, na angeenda kunywa chai. Salama alilishusha kwenye flashi ya buluu, halafu akakaa nayo mkononi hadi adhuhuri. Aliona aibu. Mwalimu aliyemfundisha kugawanya amekuja na siku kubwa kuliko zote maishani mwake, na yeye, mtoto wa Haroun, anampakulia kijiko kimoja. Aligeuza kiti ili asitazamane na mlango.

Aliporudi kutoka kuswali akapiga moyo konde, akafuta yote, akaweka toleo la msingi. Dakika kumi na mbili tu. Skrini ilipowaka ilikuwa nyeupe na tupu kama nyumba ya mtu aliyehama. Lakini alipompigia Mwongeli, waliongea dakika arobaini bila kukwama hata mara moja. Mwongeli alikuwa anakula biskuti, na mlio wa biskuti ulifika Zombe pamoja na meno yenyewe.

Jioni Kalondu akaja kuichukua. Aliona majaribio, akamwona binti yake akicheka na kusogea, akavuta pumzi. Kisha akauliza, "Na umeweka yote?"

Hapo Salama angeweza kusema ukweli. Habari za kumbukumbu na gigabaiti alijua kuzieleza vizuri, hata kwa mfano. Asichojua ni kumtazama mtu usoni akamwambia, nimekupa kidogo. Neno hilo lilikuwa geni mdomoni mwake.

"Yote, Mwalimu."

"Na ile karata?"

"Hiyo tutaiangalia baada ya Jumamosi," akajibu, akajifanya anatafuta waya.

Jumamosi nyumbani kwa Kalondu palikuwa pamefagiwa mpaka ardhi ikaumia. Sebuleni walitundika shuka nyeupe ukutani, na Kasisi Nzau akasimama kando ya projekta yake mkono ukiwa juu yake, akimwambia kila apitaye kwamba taa ya ndani haipatikani hata Kitui mjini. Salama aliweka simu yake dirishani, akaunganisha waya, akaketi kwenye kigoda karibu na laptopu, mkoba miguuni. Jikoni, kina mama walikuwa wamepika mbuzi wa wenyeji na nyungu mbili za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na sufuria ndogo ya muthokoi wa ndengu usio na nyama ilikuwa imetengwa kwa ajili yake, kwa sababu Salama hali nyama isiyochinjwa na Mwislamu, na Kalondu hasahau mambo kama hayo.

Mwongeli alikuwa amepata ruhusa ya saa moja kazini, saa saba hadi saa nane. Saa saba ikafika, uso wake ukajaa ukutani, shangazi zake wakamsalimu mmoja mmoja, na wageni hawajaonekana. Walitoka Kasikeu kukiwa bado giza, lakini njiani mbuzi mmoja aliruka kutoka kwenye pikapu karibu na mji wa Wote, na kumkamata kulichukua watu wanne. Walifika saa saba na dakika ishirini na tano, wamejaa vumbi, wakiwaburura mbuzi watatu ambao mmoja wao alikuwa bado anawatazama kwa dharau.

Msemaji wao alikuwa Mzee Mbaluka, mjomba wa Kaloki, mrefu kama mlingoti, aliyekuwa dereva wa greda la barabara kabla ya kustaafu. Kwa upande wa wenyeji aliongea Ndeti, shemeji wa Kalondu, maana Kalondu ni mjane. Kaloki mwenyewe aliketi nyuma amevaa koti zito, akiitazama shuka kama mtu anayetazama mvua kutoka mlangoni. Salamu zilipokwisha, na zilikuwa ndefu, Mzee Mbaluka aliikaribia shuka, akamtazama Mwongeli kwa makini, akainua mkono wa kushoto. Mwongeli naye akainua mkono. Akashika sikio, Mwongeli akashika sikio. Watu wakacheka. Mzee akageuka akawaambia wenzake kwamba huyu ni mzima, si picha.

Kalondu alimtazama Salama akatabasamu. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini, na swali lilikuwa bado halijaulizwa.

Ndipo Mzee Mbaluka akatia mkono mfukoni akatoa flashi iliyofungwa kwenye kitambaa. Alieleza kwamba Nyanya Nthenya, yule wa miaka tisini, hakuweza safari, kwa hivyo alirekodiwa, dakika mbili tu. Kwao neno la nyanya hutangulia swali. Msichana amsikie kwanza nyanya, ndipo aulizwe kama anawajua watu hawa. Bila neno hilo swali haliwezi kuulizwa.

Salama alichomeka flashi. Alibonyeza ile video. Laptopu ikafikiri kidogo, kisha pembeni mwa uso wa Mwongeli, kwa maandishi makubwa ambayo hata aliyesimama mlangoni angeyasoma, ikatandaza taarifa. Akajaribu njia ya pili, kuifungulia kwenye programu ya intaneti. Ikatokea sauti ya mkwaruzo na weusi mtupu.

Kalondu alisoma taarifa ile kwa sauti, kwa Kiingereza, halafu akaifasiri kwa ajili ya wazee kama aliyeko darasani: mashine inasema haina programu ya kufungulia kitu hiki. Aliponyamaza, alimgeukia Salama, na haikuhitaji mtu kueleza amefikiria nini.

Wageni walianza kunong'onezana. Mmoja aliuliza kama Desemba ni mbali sana. Salama alisikia masikio yake yakiwaka moto. Angeweza kusema flashi ya mzee ina kirusi, na wangemwamini wote, hata Mzee Mbaluka. Aliinuka.

"Mwalimu, hakuna kitu imeharibika," akasema. "Ni mimi nilikudanganya jana. Sikuweka yote. Niliweka ile ndogo."

"Ndogo?" Kalondu akauliza. "Leo, siku ya Mwongeli?"

"Ile kubwa ndiyo ilikuwa inamgandisha. Ningeiacha, saa hii tungekuwa tunaangalia picha. Lakini niliona aibu kukuambia nimekupatia kidogo." Aliigeukia laptopu. "Nipatie dakika tano. Kitu inakosekana ni moja tu."

Kalondu aliketi, akaweka mikono mapajani, na uso wake haukusema lolote. Huo ndio uso Salama aliouogopa tangu darasa la nne.

Alitoa mkoba, akapapasa chini ya funguo, akaipata ile flashi nyekundu. Toleo kamili lilikuwa humo lote, kila programu na sanduku lake, kama stoo. Siku zote aliibeba stoo nzima na kuimwaga ndani ya mashine ya mtu. Leo aliingia akatafuta kitu kimoja, programu ya kuchezea video na vipande vyake, akavitoa hivyo tu. Mstari mwembamba wa kuonyesha kazi ilipofika ukaanza kutambaa kwenye shuka, chini ya kidevu cha Mwongeli, pole pole. Mwongeli hakukwama. Alikuwa anatazama saa yake.

Mzee Mbaluka akasogea karibu na kigoda cha Salama.

"Nasikia unaitwa Salama Haroun. Wewe ni mwiitu wa Haroun wa hoteli?"

Salama akakubali kwamba ndiye binti yake.

"Nilikula kwake miaka miwili, wakati tulikuwa tunatengeneza hii barabara," mzee akasema, akiwageukia wenzake ili nao wafaidi. "Sahani ya Haroun ilikuwa ndogo, kama kisosi. Siku ya kwanza nilikasirika, nikasema huyu mtu ni mchoyo. Kumbe anazunguka na sufuria na upawa wake, meza kwa meza, anauliza kila mtu, nikuongeze? Ukitaka wali ni wali, ukitaka supu peke yake ni supu. Unaongezwa mpaka ukatae mwenyewe. Ile hoteli sikuwahi kuona chakula kikimwagwa."

Salama aliacha kuutazama mstari. Alimwambia mzee, kwa adabu, kwamba labda anachanganya na hoteli nyingine. Sahani za babake zilikuwa zinajaa. Yeye aliziona kwa macho yake.

"Iliyokuwa inajaa ni moja," Mzee Mbaluka akasema. "Kulikuwa na kasichana kalikuwa kanakaa nyuma ya kaunta, miguu haifiki chini. Hiyo sahani aliijaza mpaka tukawa tunamcheka. Tulikuwa tunamwambia, Haroun, hako katoto utakapasua."

Watu wakacheka, na Mwongeli akacheka huko Doha. Salama naye alitaka kucheka, akashindwa. Miaka yote hiyo amejaza sahani za watu kwa mfano wa sahani aliyoikumbuka, na sahani aliyoikumbuka ilikuwa yake. Haikuwa desturi ya hoteli. Ilikuwa mapenzi ya mtu mmoja kwa mtoto wake. Alimkumbuka babake wakati huo kwa nguvu kuliko siku aliyomzika, upawa mkononi, taulo begani, akiinamia meza ya madereva na kuuliza kitu ambacho yeye, kutoka nyuma ya kaunta, hakuwahi kukisikia. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio na hakujali nani anamwona.

Mstari ulifika mwisho. Akabonyeza.

Nyanya Nthenya akatokea nusu ya shuka, mdogo kwenye kiti kikubwa, kilemba kimeteleza upande. Kwanza alimgombeza aliyekuwa anamrekodi. Halafu akasema kwa Kikamba kwamba mbuzi wale amewachagua yeye mwenyewe, kwamba yule mweupe ni mkorofi lakini ana maziwa, na kwamba Mwongeli asikubali kwa ajili ya huruma ya kikongwe, akubali kama moyo wake unataka. Mwongeli, nusu ya pili ya shuka, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanapita kati ya vidole. Walikaa hivyo ukutani, bega kwa bega, kikongwe wa Kasikeu na muuguzi wa Doha, na mashine ile mzee yenye gigabaiti mbili ikawabeba wote wawili bila kuunguruma.

Ndeti akasimama. Saa ilikuwa saa nane kasoro dakika saba.

"Mwongeli," akasema, "hawa wageni unawajua? Mbuzi wao tupokee?"

Chumba kizima kilimtazama mdomo. Mwongeli aliondoa mikono usoni.

"Nawajua," akasema, na mdomo na neno vilifika pamoja. "Pokeeni."

Vigelegele vilivyopigwa vilimfanya Kasisi Nzau aikumbatie projekta yake. Nje, mbuzi mweupe alikamatwa kwa mara ya pili siku hiyo. Kaloki alivua lile koti, akaenda mbele ya shuka akasimama tu, na kwa dakika nne zilizobaki wale wawili walitazamana bila kusema lolote la maana, na hakuna aliyewaharakisha.

Wakati wa chakula Salama alibaki sebuleni akikunja waya, akipanga atakavyomwomba Mwalimu msamaha. Kalondu akaingia kabla hajamaliza kupanga. Alikuwa na sahani mkono mmoja na ile sufuria ndogo mkono wa pili, upawa umechomekwa ndani. Alimpa sahani. Ilikuwa na muthokoi kidogo mno, vijiko vitatu ukibahatisha, katikati ya sahani kubwa nyeupe.

Salama aliitazama, akajua ameadhibiwa, na akaona ni haki yake. Alikula vijiko vile vitatu vyote. Vilikuwa vitamu. Alipoinua macho, Kalondu alikuwa bado amesimama pale pale, upawa mkononi, uso ule ule wa darasa la nne, isipokuwa pembe za mdomo zilikuwa zinamsaliti.

"Nikuongeze?" Mwalimu akauliza.

Salama alimwinulia sahani kwa mikono miwili.

"Niongeze, Mwalimu."

Kalondu akaongeza upawa mmoja, akangoja, akaongeza wa pili. Kisha akaketi karibu naye na kumwambia kwamba Jumatatu ataileta ile laptopu dukani tena. Mambo ya nyota hayataki, na kalenda anayo ya kanisa ukutani. Anataka kuongezewa ile karata tu.